Gauni la 1780 linaanzia kwenye shimizi

SWALI: Jambo kwenu. Miye ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu, upande wa Bagira. Niko na cherehani ya miguu, nimezoea kushona sare za wanafunzi na blauzi za kikwembe. Nataka kutumia mwaka mmoja, jioni na siku ya Mungu nyuma ya misa, kushona kwa kujifurahisha vazi kamili la mwanamke wa Ulaya wa miaka ya 1780, toka nguo ya ndani mpaka gauni, pamoja na kutarizi kidogo. Nilianza na gauni lenyewe. Lilikunjamana kifuani, na mikono ikanikaza hadi siwezi kuinua chaki ubaoni. Nikachimba kwapa zaidi ili nipate nafasi, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Kosa liko wapi, na mwaka niupange namna gani?

JIBU: Jambo Mwalimu. Makosa ni mawili. La kwanza, ulianza na nguo ya mwisho. Gauni la miaka ile halikukatwa kwa kupima mwili. Lilipimwa juu ya koseti, yaani vazi gumu la kubana kiwiliwili, koseti ikiwa juu ya shimizi, nguo ya ndani inayogusa mwili, na sketi yake ilipimwa juu ya mto mdogo uliofungwa nyuma ya kiuno. Ukilivaa bila hivyo, kitambaa cha kifuani hakina kitu kigumu cha kulalia, lazima kikunjamane. La pili ni hilo kwapa. Mkono haukukazwa kwa sababu tundu ni dogo. Ulikazwa kwa sababu liko chini mno, na wewe ukazidi kulishusha. Hilo nitalirudia kwa urefu nikifika kwenye gauni, maana ndipo hata mafundi wazoefu wa sare wanapokwama.

Utaratibu basi ni huu: shimizi, mifuko, koseti, mto na sketi, gauni, halafu kitambaa cha shingo na kofia. Kila kimoja unakipima ukiwa umevaa vile vilivyotangulia. Usinunue kitambaa cha gauni kabla koseti haijaisha, hata ukikutana na kizuri namna gani sokoni, kwa sababu vipimo vyako vya sasa si vile utakavyokuwa navyo ndani ya koseti.

Tuhesabu muda. Jioni mbili za saa moja na nusu pamoja na saa tatu za siku ya Mungu ni saa 6 kwa juma. Ukiondoa majuma ya mitihani na sikukuu, weka majuma 46, yaani saa 276. Shimizi inayoshonwa yote kwa mkono inakula kama saa 30, mifuko miwili yenye tarizi 45, koseti 75, mto na sketi mbili 25, gauni 75, vitu vya shingo na kichwa 20. Zinabaki saa 6, na hizo zitaliwa na kufumua. Anza mwezi wa tisa pamoja na shule, ili koseti iangukie likizo ya Noeli, kwa sababu inataka kukaa kitako saa nyingi mfululizo bila kuikunja na kuikunjua. Gauni liache kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane: nguo zinakauka, na unashona kwenye mwanga wa dirisha badala ya taa.

Cherehani utaitumia? Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846 na Singer mwaka 1851, kwa hiyo kila mshono wa 1780 ulipita kwenye vidole. Mimi ningetumia cherehani kwenye njia za kupitishia vijiti vya koseti, ambazo ni mamia ya sentimita za mistari iliyonyooka, na kwenye mishono mirefu ya sketi. Kwingine kote mkono. Si kwa ajili ya kuwa mtakatifu wa historia: shimizi, mikono ya gauni na mapindo vinakaa vizuri zaidi kwa mkono, kwa sababu unaweza kulegeza au kukaza uzi kila sentimita.

Sasa kitambaa. Shimizi za wakati ule zilikuwa za kitani. Kitani kipya ni ghali na kukipata ni shida, lakini ndani ya mitumba ya Kadutu kuna mashuka na vitambaa vya meza vya zamani vya kitani au pamba tupu, laini kwa kufuliwa miaka mingi, na huo ndio ulaini unaoutaka. Usiamini kugusa tu. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni ya shuka, uziwashe kwa kiberiti. Kitani na pamba vinaungua kama karatasi, vinanuka karatasi, vinaacha jivu la kijivu linalopeperuka. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha tone gumu jeusi. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Uzi ukianza kuungua kama karatasi kisha ukajikunja na kubaki na kitone kigumu, hapo umechanganywa. Uache, utatoa jasho ndani yake chini ya koseti. Ukishapata shuka, lifue kwa maji ya moto na kulipiga pasi kabla ya kukata chochote, ili lirudi sasa na si baadaye.

Shuka la sentimita 240 kwa 260 linatoa shimizi mbili. Kwa kila moja kata kiwiliwili kimoja cha 72 kwa 220, unachokikunja mabegani bila mshono wa bega. Mikono miwili ya 42 kwa 34. Miraba miwili ya kwapani, au vikwapa, ya sentimita 14 kila upande. Na vipande viwili vya 30 kwa 75 unavyovikata kona kwa kona upate pembetatu nne za kupanua upindo. Usikate kwa jicho. Vuta uzi mmoja wa kitambaa mpaka utoke, na ule mstari mwembamba unaobaki ndio njia ya mkasi. Kitani kilichokatwa bila kufuata uzi kitapinda baada ya kufuliwa hata ukishone vizuri kiasi gani.

Ukiuangalia huo mkato utagundua unaujua: ni wa kanzu. Mapande yaliyonyooka, pembetatu ubavuni, kikwapa chini ya mkono, hakuna kinachotupwa. Fundi yeyote wa kanzu akioneshwa shimizi ya Paris ya 1780 ataikata bila kuuliza mengi. Na kwa kuwa Wabukavu wengi mnasoma Kifaransa, mna bahati ambayo wengine hawana. Mfaransa Garsault aliandika L'Art du tailleur mwaka 1769 na L'Art de la lingère mwaka 1771, akieleza ukataji wa koseti na shimizi kwa picha na vipimo. Vipimo vyake ni vya aune, kipimo cha zamani cha kitambaa. Aune ya Paris ni karibu sentimita 119, yaani karibu sawa na upana wa kikwembe. Ukisoma aune moja, wazia kikwembe kilichonyooshwa kwa upana wake, utakuwa umekaribia.

Kikwapa ndicho kinachowashinda wengi, basi tukitazame kwa karibu. Mraba una pande nne na kila upande una mahali pake. Upande wa kwanza unashonwa kwenye ukingo wa sentimita 34 wa mkono, nyuma, kuanzia juu kabisa. Kunja mkono uwe bomba, upande wa jirani uushone kwenye ukingo wa 34 wa mbele. Kutoka ncha ya chini ya mraba endelea kufunga mshono wa mkono hadi kwenye kiwiko. Sasa una bomba lenye pande mbili za mraba zinazoning'inia. Weka katikati ya sehemu ya juu ya mkono kwenye kunjo la bega, shona kushuka mbele na nyuma, sentimita 20 kila upande, kisha pande mbili za mraba zilizobaki zinaingia kwenye ubavu wa kiwiliwili, nyuma na mbele. Baada ya hapo ndipo unafunga ubavu pamoja na pembetatu zake. Kosa la kawaida ni kushona mpaka mwisho wa kona. Simama milimita 8 kabla ya ukingo, huo upana wa mshono wako. Ukipita hapo kona inajikunja kama sikio la karatasi, na siku utakapoinua mkono inachanika kuanzia hapohapo. Kila kona ya kikwapa ifunge kwa mishono midogo mitano ya kuzungushia juu ya mahali palepale.

Pembetatu za upindo zina siri moja. Ukingo uliokatwa mshazari ushone kwenye ukingo ulionyooka wa kiwiliwili, ili ubavuni vikutane kingo mbili zilizonyooka. Ukikutanisha mshazari na mshazari, ubavu unavutika na upindo unaning'inia pande mbili kama masikio ya mbuzi.

Mshono wenyewe: uzi wa pamba usiozidi urefu wa kutoka vidoleni hadi kiwiko, upitishe mara mbili kwenye nta ya nyuki, kisha uupige pasi kati ya karatasi ili nta iingie ndani. Nta unaipata kwa wauza asali. Uzi usio na nta unajisokota na kuchakaa kabla haujaisha. Shona mshono wa kurudi nyuma, mishono minne kwa sentimita. Kata ukingo mmoja nusu, laza mwingine juu yake na uupindie chini, ili ndani kusibaki uzi hata mmoja ulio wazi. Shingo ikate ndogo kwanza, upana 24 na kina cha mbele 10, uiache bila kupindia hadi koseti iishe. Ukishaivaa koseti ndipo utaona shingo ifike wapi, maana shimizi inatakiwa ichungulie kidogo tu.

Mifuko ndiyo nafasi yako ya kutarizi, tena ndiyo sehemu tamu ya mwaka huu. Wanawake wa wakati ule hawakushona mfuko ndani ya gauni. Walifunga kiunoni utepe wenye mifuko miwili bapa yenye umbo la tunda la pea, chini ya sketi, na mkono uliingia kwa mpasuko wa ubavuni. Kila mmoja urefu 38, upana wa chini 26, wa juu 14, na mpasuko wa wima sentimita 20 katikati ya uso wake. Tarizi kabla ya kukata. Ukikata kwanza, kitambaa kitatoka kwenye fremu kikiwa na mawimbi, na mfuko mmoja utakuwa mfupi kuliko mwenzake.

Kuhamisha mchoro huhitaji kununua karatasi maalumu. Chora maua yako kwenye karatasi, toboa mistari yote kwa sindano kila milimita 2, ilaze juu ya kitambaa, kisha papasa juu yake na kifuko cha kitambaa chembamba kilichojaa unga wa makala. Vumbi linapita kwenye matundu, linaacha mstari wa nukta. Unganisha nukta kwa penseli ngumu yenye ncha kali, puliza vumbi kwa mdomo wala usifute kwa mkono, maana ukifuta umepaka kitambaa chote rangi ya jiko. Toboa karatasi ukiwa umeiweka juu ya blanketi lililokunjwa, si juu ya meza, la sivyo matundu yanabaki nusu na vumbi halipiti.

Mishono mitatu inakutosha: wa shina kwa matawi, wa mnyororo kwa majani, wa kujaza kwa petali. Huo wa kujaza usizidi milimita 10 kwa urefu, kwa sababu mrefu zaidi ya hapo unanaswa na funguo mfukoni. Nyuzi za pamba za DMC zenye nyuzi sita ndani zinafaa. Tenganisha na utumie mbili kwa wakati mmoja. Kampuni hiyo ilianza Mulhouse, mji ulioko Ufaransa leo, mwaka 1746, tena ikianza na kuchapa vitambaa vya pamba, siyo nyuzi. Rangi zichague mchana, kwa sababu chini ya taa ya manjano bluu na kijani vinafanana, na asubuhi utakuta jani la bluu. Nyekundu ijaribu kabla haijagusa kitambaa: loweka uzi, ubane katikati ya kipande cheupe usiku kucha. Ukiona hata kivuli cha waridi, uzi huo usitumie.

Tunaingia koseti. Ondoa kichwani picha ya kiuno cha nyigu, hiyo ni ya karne iliyofuata. Koseti ya 1780 inafanya mwili uwe kama koni: mgongo wima, kifua kimeinuliwa, kiuno kimepungua kidogo tu. Ukishindwa kupumua hadi tumboni au kula ugali wako, umekosea vipimo.

Kitambaa cha kubeba kazi unacho nyumbani, nacho ni drili ya sare ya shule, mradi ipite mtihani wa kiberiti. Unahitaji tabaka mbili za drili na moja ya pamba laini ndani, ambayo inashonwa mwisho kwa mkono ili siku moja uweze kuibadilisha. Mtande, yaani nyuzi za urefu, uzunguke kiuno kwa kila kipande, kwa sababu upande wa mshindio ndio unaovutika. Ukiugeuza, koseti itapanuka sentimita 3 au 4 ndani ya saa moja ya kuivaa, na utalaumu kamba.

Zamani vijiti vya ndani vilikuwa vipande vya ule ufagio wa kinywani mwa nyangumi. Wewe tumia vile vifungo vya plastiki vya kubania nyaya za umeme, vyenye upana wa milimita 8 au 9, kutoka duka la vyombo vya umeme. Kata kichwa, kata urefu, zungusha ncha kwa mkasi kisha ipitishe haraka juu ya mshumaa iwe laini. Njia ya kijiti cha milimita 8 iwe na milimita 10. Shona njia moja ya majaribio kwenye kipande cha drili kwanza, utie kijiti, maana unene wa plastiki unatofautiana kutoka pakiti hadi pakiti. Kila kijiti kiwe kifupi kuliko njia yake kwa sentimita 1. Kilichojaa njia nzima kitatoboa ukingo ndani ya mwezi. Vijiti 30 hadi 36 vinatosha. Katikati ya mbele, mahali pa ule ubao wa mti uliokuwa ukichomekwa, weka rula ya mbao ya sentimita 30 iliyo nene, kata kulingana na urefu wako, zungusha ncha, ipige msasa. Mwalimu hakosi rula.

Vipimo: funga kamba kiunoni, inama kulia na kushoto, mahali itakapotulia ndipo kiuno chako kilipo, na si pale unapofunga kikwembe. Chukua mzunguko wa kifua na wa kiuno, ondoa sentimita 5 kwenye kila kimoja. Sentimita 5 hizo ndizo pengo la nyuma kati ya kingo za kamba, ili koseti ipate pa kukazia ikishalegea. Ukingo wa chini unapasuliwa kuanzia chini hadi kwenye mstari wa kiuno kuwa vilimi vinavyokaa juu ya nyonga. Hapo ndipo hukumu ilipo. Mipasuko ikiishia chini ya kiuno, vijiti vitachoma nyonga. Hakuna dawa baadaye isipokuwa kukata upya. Kwa sababu hiyo shona koseti ya majaribio kwa tabaka moja la drili kuukuu na vijiti vichache vilivyobandikwa kwa utepe wa gundi, uikalie kwenye kiti nusu saa, uandike na kuinama, kabla hujagusa kitambaa chenyewe.

Matundu ya kamba yashone kwa mkono. Vile vipete vya chuma vilikuja karne ya 19, na juu ya drili iliyovutwa vinang'oka. Usitoboe kwa mashine ya kukata tundu, kwa kuwa inakata nyuzi na tundu linakuwa dhaifu tangu siku ya kwanza. Chukua msharasi wa fundi viatu, ncha ipenye katikati ya nyuzi, uzungushe taratibu ukisukuma hadi tundu lifike milimita 5. Hapo nyuzi zimesogea tu, hazijakatika. Uzi mara mbili wenye nta, zungushia ukingo mishono 16 hadi 20, kila mmoja uvute kuelekea nje. Ukifika nusu, rudisha msharasi, tundu litakuwa limejifunga, kisha malizia. Tundu moja linachukua dakika 8 au 10, na yako ni kama 26. Weka kila sentimita 2.5, lakini upande mmoja uwe umeshuka nusu ya nafasi kuliko mwingine, isipokuwa jozi ya juu kabisa na ya chini kabisa. Kamba ni moja, mita 3, inapanda kwa kuzunguka kama ngazi ya konokono. Ukiweka matundu sambamba kisha ukafunga kwa kuzungusha, upande mmoja unapanda juu ya mwenzake na vilimi havilingani.

Ivae saa moja kwa siku juma la kwanza, daima juu ya shimizi.

Mto wa nyuma ni kazi ya jioni moja: umbo la mwezi mchanga, urefu 50, upana wa katikati 18, ujaze vipande vilivyobaki vya kitambaa, utie utepe wa kufungia mbele. Sketi nazo si ngumu. Mapana mawili ya kikwembe yanakupa mzunguko wa kama sentimita 230. Acha mipasuko ya sentimita 25 ubavuni kwa ajili ya mkono kufikia mifuko. Upana mmoja wa 116 ukilazwa marinda kwenye nusu ya kiuno, tuseme 38, kila sentimita 3 za kitambaa zinaingia ndani ya 1, kwa hiyo marinda yanalaliana bila pengo wala msongamano. Nusu ya nyuma inafungwa mbele, nusu ya mbele inafungwa nyuma. Kuna jambo moja tu la kujua, nalo ni kinyume cha mlivyozoea: upindo wa chini unabaki umenyooka kama ulivyokatwa, na tofauti ya urefu inayoletwa na mto inarekebishwa juu, kiunoni. Vaa koseti na mto, funga kamba kiunoni juu ya sketi, mwenzako avute kitambaa juu ya kamba mpaka upindo ulingane na sakafu, atie alama ya chaki kwenye kamba, ukate hapo. Ukirekebisha chini, maua au milia ya kitambaa itaonekana imekatwa mshazari.

Sasa gauni. Chagua pamba iliyochapwa maua madogo juu ya weupe, au milia myembamba. Ufaransa ilipiga marufuku pamba zilizochapwa kutoka 1686 hadi 1759, na mwaka uliofuata mchapaji vitambaa Oberkampf akafungua kiwanda chake mjini Jouy, kwa hiyo katika miaka ya 1780 vitambaa hivyo vilikuwa fasheni halali. Kikwembe cha waksi ni mtoto wa karne ya 19. Kampuni ya waksi ya Vlisco, ya Helmond Uholanzi, ilianza 1846. Michoro yake mikubwa itakuumbua mbele ya anayejua. Lakini upana wake na uzito wake ni uleule unaoutaka, basi tafuta pamba ya aina hiyo yenye mchoro mdogo, hata kama ni pazia la mitumba. Yadi 6, yaani karibu mita 5.5, zinatosha: mapana matatu ya sketi yanakula mita 3.2, kiwiliwili na mikono mita 1.5, na kinachobaki ni akiba ya makosa. Lifue mpaka maji yatoke safi.

Kiwiliwili kinaanza na bitana, si na kitambaa cha juu. Vaa kila kitu cha ndani, mwenzako akubandikie vipande vya bitana kwa pini juu ya koseti, achore mishono kwa chaki palepale mwilini. Mtu hawezi kujipima mwenyewe gauni hili. Ukiinua mkono kubandika pini, mgongo umeshabadilika. Bitana ikitulia bila mkunjo, ndipo kitambaa cha juu kinalazwa juu yake na kushonwa nayo kama kitu kimoja.

Tufike kwenye kwapa. Fikiria mkono kama mlango na kwapa kama bawaba. Bawaba ikiwa karibu na kona, mlango unafunguka na ukuta unatulia. Ukiishusha sentimita 6 chini ya kwapa, kila unapoinua mkono unainua na ubavu mzima wa gauni, na ubavu huo umefungwa kiunoni, hauendi popote. Hicho ndicho kilichokukaza. Blauzi ya kikwembe inasamehe kwa sababu kiuno chake ni huru. Gauni hili halisamehe. Tundu liwe juu, chini yake liache kidole kimoja tu hadi kwapa lenyewe, yaani sentimita 1.5 au 2. Kisha likate mbele, pale mkono unapokutana na kifua, kwa vipande vya milimita 3, ukijaribu kila mara kupeleka mikono mbele. Nyuma usikate kitu. Mgongo wa gauni hilo ni mwembamba, na mshono wa mkono unakaa ndani ya ncha ya bega.

Mkono unatiwa kwa hatua mbili. Nusu ya chini, kutoka mbele kupita kwapani hadi nyuma, shona kwa kurudi nyuma ukiwa mezani. Nusu ya juu iache wazi. Vaa gauni, mwenzako alaze kichwa cha mkono juu ya bitana ya bega, akunje ziada kuwa marinda mawili au matatu madogo, yote yakiwa juu na nyuma ya bega, kamwe si mbele. Kabla hajashona, inua mkono kana kwamba unaandika katikati ya ubao, kisha kunja kiwiko uguse shingo. Pini zikiruka, mkunjo umekaa mbele mno. Zikitulia, kipande cha bega cha kitambaa cha juu kinalazwa juu ya hayo yote na kupindiwa kwa mkono, kikificha kila kitu. Ndiyo maana magauni ya zamani yana mshono juu ya bega usioeleweka ukiutazama kwenye picha. Lakini usitegemee kufika mstari wa juu wa ubao. Koseti haitakubali, na haikukusudiwa ikubali.

Kitambaa cha shingo ni mraba wa 95 wa pamba nyepesi, uliokunjwa kona kwa kona, ukingo wake ukisokotwa kati ya kidole gumba na cha shahada na kupindiwa kwa mishono midogo. Kofia ni duara la 55 lililokusanywa kwenye utepe, na chirizi pembeni. Vyote viwili vitie wanga mwepesi wa muhogo siku ya kuvaa, na vikitoka mwilini vifue wanga wote utoke kabla ya kuviweka sandukuni. Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano, wanga ndani ya sanduku la Bukavu ni chakula cha ukungu, na madoa yake meusi kwenye kitani hayatoki.

Lile gauni la kwanza usilitupe. Fumua sketi yake, mapana yake ni sketi yako ya pili ya ndani, tayari imefuliwa na imesharudi. Kiwiliwili chake, kwa kuwa kwapa limeshachimbwa, kikate kiwe bitana ya mifuko.